Namba Mbili ni Nani? Waswidi Bora wa Tenisi kwa Kipimo cha Ugenini

Mswidi bora kuliko wote katika tenisi ya wanaume ni Björn Borg. Hapo hakuna ubishi, na mtu akikuletea jina jingine ujue anatafuta maneno tu. Utamu unaanzia namba mbili. Mmoja atasema Stefan Edberg, mwenzake atasema Mats Wilander, na wote wawili wana hoja nzito. Ukishamaliza vita hiyo unakutana na namba nne, ambayo kwangu ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu aliyebeba kombe kubwa siye niliyempa.

Kuhesabu makombe ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa kuliko yote (Australian Open, Roland Garros ya Paris, Wimbledon ya London na US Open ya New York), ni rahisi: Borg 11, Wilander 7, Edberg 6, Thomas Johansson 1, na Sven Davidson wa zamani 1. Kama hesabu hiyo inakutosha, huna haja ya kuendelea kusoma. Mimi kwa asili ni mtu wa mpira wa miguu, na sisi watu wa mpira tunajua pointi tatu za ugenini zina ladha yake. Tenisi nayo ina nyumbani na ugenini, ila mara nyingi hilo haliamuliwi na mji wala mashabiki. Linaamuliwa na ardhi. Udongo mwekundu wa Paris unaupunguza mpira kasi na kuurusha juu, kwa hiyo anayesimama nyuma na kusubiri anapata muda. Nyasi za Wimbledon za miaka ya 1970 na 1980 ziliuachia mpira uteleze chini chini, na aliyekawia kufika wavuni alikuta pointi imekwisha. New York ni sakafu ngumu, joto, taa za usiku, kelele, na ndege za uwanja wa ndege wa LaGuardia juu ya kichwa. Kwa hiyo swali langu kwa kila mchezaji ni moja: alifanya nini mahali ambapo mchezo wake haukupaswa kushinda?

Kwa Borg jibu linatisha. Huyu ni kijana wa Södertälje aliyeanza na raketi ambayo baba yake alishinda kama zawadi kwenye mashindano ya tenisi ya meza. Bekihendi yake, yaani pigo la upande wa pili wa mkono wa raketi, ilikuwa ya mikono miwili na ilionekana kama imetoka kwenye hoki ya barafu. Alikaa nyuma ya mstari na kuupa mpira mzunguko mkali, na nyuzi za raketi yake zilivutwa mpaka mafundi wakashangaa. Kila kitu chake kilikuwa cha udongo. Pale Roland Garros alishinda mara sita, 1974, 1975, kisha 1978 mpaka 1981, na katika maisha yake yote ni mtu mmoja tu aliyemtoa pale, Mwitaliano Adriano Panatta, mwaka 1973 na 1976. Mwaka 1978 alitwaa kombe akiwa amepoteza gemu 32 tu katika mechi saba (gemu ndizo zinazounda seti, na seti ndizo zinazounda mechi).

Sasa mpeleke mtu huyo kwenye nyasi. Hapo ndipo alipaswa kupigwa na kila mrefu mwenye mpira mkali wa kuanzisha. Badala yake alishinda Wimbledon mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980, na mwaka ule wa kwanza hakupoteza hata seti moja. Yeye na kocha wake Lennart Bergelin walikuwa wameufanyia kazi upigaji wake wa kuanzisha, na kwenye nyasi alikwenda wavuni mara nyingi kuliko alivyozoea Paris. Kuanzia 1976 hadi fainali ya 1981 alishinda mechi 41 mfululizo pale. Na miaka mitatu, 1978, 1979 na 1980, alibeba Paris na London ndani ya majira hayo hayo ya joto, akiwa na wiki chache tu za kubadilisha miguu, macho na akili. Baada yake hakuna mwanaume aliyefanya hivyo hata mara moja hadi Rafael Nadal mwaka 2008. Miaka 28!

Fainali ya Wimbledon ya 1980 dhidi ya John McEnroe imeshaelezwa sana, nami sitaimaliza upya. Nataka tu uangalie seti ya tano. Borg alikuwa ametoka kupoteza taibreki, yaani gemu la kuamua seti iliyofungana, ya seti ya nne kwa 18–16, akiwa amekwisha kuwa na pointi za ubingwa mkononi zaidi ya moja. Mtu wa kawaida anavunjika hapo. Yeye aliingia seti ya tano akaanza kupiga mipira yake ya kuanzisha kana kwamba mechi ndiyo kwanza inaanza, akashinda 8–6. Mechi ikiwa kwenye kompyuta yako, ruka taibreki, nenda moja kwa moja kwenye seti hiyo.

Lakini kipimo changu kinamuuma hata yeye. US Open alicheza fainali nne, akapoteza zote nne: kwa Jimmy Connors 1976 na 1978, kwa McEnroe 1980 na 1981. Ile ya 1976 ilikuwa kwenye udongo, kwa hiyo hata kisingizio cha sakafu ngumu hakitoshi. Mwaka 1981 alipopoteza aliondoka uwanjani kabla ya sherehe za zawadi. Akatangaza kustaafu mwanzoni mwa 1983, akiwa na miaka 26. Waandaaji wa mzunguko walikuwa wamemtaka acheze idadi fulani ya mashindano, la sivyo apitie mchujo kama chipukizi, naye hakuwa tayari. Alirudi 1991 Monte Carlo na raketi ya mbao wakati dunia nzima imehamia kwenye vifaa vipya, akafungwa na Jordi Arrese. Kile kipande cha mwisho huwa sikiangalii.

Pamoja na hayo, namba moja ni yake, tena kwa mbali. Wiki 109 kileleni mwa orodha ya dunia, na nchi nzima ya watoto walioshika raketi kwa sababu yake. Uswidi ilikuwa na watu kama milioni nane tu. Angalia wanakotoka: Wilander Växjö, Edberg Västervik, Johansson Linköping, Robin Söderling Tibro. Miji midogo yote, lakini ina klabu, ina kumbi za ndani za kuchezea wakati wa baridi na viwanja vya udongo wakati wa kiangazi. Ilipofika miaka ya 1980, timu ya Uswidi ya Kombe la Davis, mashindano ya timu za taifa, ilicheza fainali saba mfululizo, 1983 hadi 1989. Na mwaka 1988 mataji yote manne makubwa ya wanaume yalikwenda Uswidi: matatu kwa Wilander, moja kwa Edberg.

Haya, tuingie kwenye ugomvi wenyewe.

Nianze na Edberg, kwa sababu ndiye moyo wangu unamtaka. Kama tenisi ingekuwa mashindano ya uzuri, hata Borg angekaa pembeni. Ule mpira wa kuanzisha unaopanda juu ukikwepa, yeye tayari yuko njiani kuelekea wavuni, halafu voli ya bekihendi, mpira ukipigwa kabla haujagusa chini, isiyo na jasho. Kuna jambo moja la makocha ninalolipenda hapa. Percy Rosberg ndiye aliyemwona Borg mdogo akamwachia bekihendi yake ya ajabu ya mikono miwili. Rosberg huyo huyo ndiye aliyemshauri Edberg mdogo aache mikono miwili na atumie mmoja. Mtu mmoja, ushauri unaopingana, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Mwaka 1983 Edberg alishinda mataji yote manne makubwa ya vijana katika mwaka mmoja. Kisha ukubwani: Australian Open 1985 na 1987, Wimbledon 1988 na 1990, US Open 1991 na 1992. Fainali tatu mfululizo za Wimbledon dhidi ya Boris Becker, mbili akashinda. Kwa jumla Becker alimfunga mara nyingi zaidi, 25 kwa 10, lakini kwenye Grand Slam walikutana mara nne na Edberg akashinda tatu. Wiki 72 namba moja duniani. Namba moja wa dunia pia katika mchezo wa wawili wawili. Na adabu ile: tuzo ya uungwana ya wachezaji aliichukua mara tano, mwishowe wakaipa jina lake.

Je, ugenini? Hapa watetezi wake wana silaha mbili. Ya kwanza ni Munich, Desemba 1985. Fainali ya Kombe la Davis dhidi ya Ujerumani Magharibi, Becker ameshinda mechi zake zote mbili za peke yake, hesabu ni 2–2, na mechi ya mwisho anapewa kijana wa miaka 19 mbele ya Wajerumani. Edberg akamfunga Michael Westphal, kombe likaenda Uswidi. Huo ni ugenini wa kweli kwa maana zote.

Ya pili ni New York. Mji ule haukuwa wake hata kidogo. Mtu mkimya, mpole, asiyependa vurugu, na mwaka 1990 alifika pale akiwa namba moja wa dunia akatolewa raundi ya kwanza na Alexander Volkov. Mwaka uliofuata akarudi, akamfunga Jim Courier kwenye fainali 6–2, 6–4, 6–0. Ile mechi ndiyo karibu na ukamilifu kuliko yoyote niliyowahi kuiona mtu akicheza kwa kukimbilia wavuni. Mwaka 1992 akatetea taji kwa njia ya mateso: Richard Krajicek, Ivan Lendl na Michael Chang, mmoja baada ya mwingine, wote seti tano, wote akiwa nyuma katika seti ya tano. Ile ya Chang ilichukua saa tano na dakika 26. Ndipo akamfunga Pete Sampras kwenye fainali.

Kilichobaki ni Paris, 1989. Amefika fainali kwa kumtoa Becker katika seti tano. Mbele yake yuko Chang, mtoto wa miaka 17. Edberg anaongoza seti mbili kwa moja, na kwenye seti ya nne anapata nafasi nyingi za kuvunja gemu za Chang, yaani kushinda gemu ambazo Chang ndiye anayeanzisha mpira. Zinapita. Anapoteza 4–6, 2–6. Angeshinda siku ile, nisingekuwa na makala ya kuandika, maana angekuwa na yote manne na angekaa namba mbili bila mtu kuuliza.

Wilander basi. Yeye hana uzuri wa Edberg. Ana subira, ana miguu, na ana kichwa ambacho nadhani hakuna Mswidi mwingine aliyekuwa nacho. Mwaka 1982 alifika Paris akiwa na miaka 17, mwaka mmoja tu baada ya Borg kubeba kombe lake la mwisho pale, akawatoa Lendl na wengine, akafika nusu fainali na José Luis Clerc. Pointi ya mechi. Mpira wa Clerc unaitwa nje, mechi imekwisha, Wilander yuko fainali. Akakataa. Alimwambia mwamuzi mpira ulikuwa ndani, akaomba pointi irudiwe. Ikarudiwa, akaishinda. Kisha akamfunga Guillermo Vilas kwenye fainali.

Watu wakasema: Borg mwingine, mtu wa udongo. Mwaka uliofuata, Paris, alifika tena fainali, na huko akafungwa na Yannick Noah, kijana aliyekulia Yaoundé ambako Arthur Ashe alimwona akiwa mtoto. Hiyo ni fainali ambayo Mwafrika yeyote ana ruhusa ya kuiangalia bila kumhurumia Mswidi. Lakini angalia alichofanya Wilander miezi michache baadaye. Alikwenda Melbourne, kwenye nyasi za Kooyong, ardhi ya watu wa wavuni, akamtoa McEnroe kwenye nusu fainali, bingwa wa Wimbledon wa mwaka ule ule, na akamchapa Lendl kwenye fainali seti tatu kavu. Alikuwa na miaka 19. Mwaka 1984 akarudia kwa kumfunga Kevin Curren.

Halafu 1988. Januari, Australian Open imehamia kwenye uwanja mpya wa sakafu ngumu. Nusu fainali anamtoa Edberg kwa seti tano. Fainali anamtoa Pat Cash, nyumbani kwa Cash, 8–6 katika seti ya tano. Juni anashinda Paris kwa kumfunga Henri Leconte mbele ya Wafaransa. Wimbledon anaishia robo fainali kwa Miloslav Mečíř. Septemba, New York, fainali na Lendl, aliyekuwa amekaa namba moja miaka mitatu mfululizo na aliyemfunga Wilander kwenye fainali mbili za 1987. Kwa mchezo wake wa kawaida Wilander asingeshinda. Basi akacheza mchezo usio wake: bekihendi za kukata kwa mkono mmoja, kwenda wavuni tena na tena, kumvuruga Lendl asijue mpira ujao unakuja vipi. Saa tano kasoro dakika sita. 6–4, 4–6, 6–3, 5–7, 6–4. Asubuhi yake akawa namba moja wa dunia.

Hapo ndipo ninapoamua. Mataji matatu ya udongo, mawili ya nyasi, mawili ya sakafu ngumu: yeye ndiye mwanaume wa kwanza kuwa na angalau mawili katika kila ardhi. Borg hana hilo. Edberg hana hilo. Na walipokutana wenyewe kwa wenyewe, Wilander aliongoza 11 kwa 9.

Najua jibu la watu wa Edberg, na ni zuri: nyasi za Kooyong si Wimbledon, na pale Wimbledon Wilander hakuwahi kuvuka robo fainali akicheza peke yake. Kweli. Isitoshe, baada ya 1988 akazima. Wiki 20 kileleni, kisha Januari 1989 akatolewa raundi ya pili Australia na Ramesh Krishnan. Mwaka mmoja baadaye, kwenye nusu fainali pale pale, Edberg akamfunga 6–1, 6–1, 6–2, na hiyo ni mechi ya kumwonea mtu haya. Edberg alidumu, Wilander aliwaka akaisha. Kama unapima kwa miaka, weka Edberg namba mbili na mimi sitakufuata mlangoni. Ila Edberg alipokuwa Paris aliendelea kucheza kama Edberg na akakaribia. Wilander alipokuwa New York aligeuka mtu mwingine, akashinda. Namba mbili, Wilander. Namba tatu, Edberg, kwa kucha.

Namba nne nampa Robin Söderling, ambaye hana Grand Slam. Subiri, usifunge ukurasa.

Johansson alishinda Australian Open 2002, na fainali yake dhidi ya Marat Safin alicheza vizuri sana baada ya kupoteza seti ya kwanza. Sitaki kumdharau, waliotangulia kutolewa hakuwatoa yeye. Lakini Lleyton Hewitt na Gustavo Kuerten walikwisha aga raundi ya kwanza, Andre Agassi hakucheza kwa jeraha, na njia ya Johansson ilipita kwa Mswidi mwenzake Jonas Björkman, kisha kwa Jiří Novák katika seti tano. Kombe ni kombe. Bado, sakafu ngumu ilikuwa nyumbani kwake.

Söderling alikuwa mtu wa mpira mkali ulionyooka, hatari zaidi ndani ya kumbi. Mechi za udongo wa polepole hazikuwa zake, na kule Rome mwaka 2009 Nadal alimfunga 6–1, 6–0. Wiki chache baadaye, tarehe 31 Mei, wakakutana Paris. Nadal ana mataji manne pale na hajawahi kupoteza mechi, ushindi 31. Söderling akapiga kila mpira kana kwamba anadai deni: 6–2, 6–7, 6–4, 7–6. Mpaka 2015 hakuna mwingine aliyemfunga Nadal pale. Na asikwambie mtu ilikuwa bahati, kwa sababu mwaka uliofuata alimtoa Roger Federer kwenye robo fainali hapo hapo na kukatisha mfululizo wake wa nusu fainali 23 za Grand Slam. Fainali zote mbili alipoteza, moja kwa Federer, moja kwa Nadal. Nani mwingine wakati ule asingepoteza? Julai 2011 alishinda Båstad, nyumbani Uswidi, kwa kumchapa David Ferrer. Ikawa mechi yake ya mwisho. Ugonjwa wa virusi ulimmaliza nguvu akiwa na miaka 26, umri ule ule wa Borg.

Chini ya hapo naenda haraka. Johansson wa tano. Davidson wa sita: bingwa wa Paris 1957 baada ya kupoteza fainali mbili zilizotangulia, Mswidi wa kwanza kubeba taji kubwa, ingawa enzi hizo waliokubali kulipwa walifungiwa nje. Thomas Enqvist wa saba, mataji 19 na fainali ya Australia 1999. Magnus Norman wa nane: namba mbili wa dunia mwaka 2000, na fainali ya Paris ambayo Kuerten alihitaji pointi za ubingwa kumi na moja ndipo ammalize. Norman huyo ndiye alikuja kuwa kocha wa Söderling, kwa hiyo ile siku ya Nadal ina mkono wake.

Nafasi ya tisa na ya kumi ni za Anders Järryd na Björkman, na wanaosema mchezo wa wawili wawili hauhesabiki hawajawahi kuangalia Kombe la Davis. Mwaka 1984, kule Gothenburg, Marekani ilileta McEnroe na Connors. Järryd na Edberg wakawafunga McEnroe na Peter Fleming, na kombe likawa la Uswidi. Järryd ana mataji manane makubwa ya wawili wawili, yote manne akiwa nayo angalau mara moja. Björkman ana tisa, na bado akapata nguvu ya kucheza nusu fainali ya Wimbledon peke yake mwaka 2006, akiwa na miaka 34.

Aliyebaki nje anayeniuma ni Kent Carlsson. Alifika namba sita duniani mwaka 1988, na kwenye udongo ungeweza kumwacha asubuhi ukarudi jioni ukamkuta bado anarudisha mipira. Mataji tisa, yote ya udongo. Magoti yakamtoa kwenye mchezo akiwa kijana bado. Ila nje ya udongo karibu hakucheza, na kipimo nilichokiweka mwenyewe kinamwacha mlangoni.